Njiwa wa Makopo Mawili

Alhamisi, tarehe kumi na saba Oktoba. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko na hayakuonyesha dalili ya kukoma. Mawingu yalikuwa yameshuka hata paa za upande wa pili wa barabara zikaonekana kama zimefunikwa shuka. Ndani ya nyumba ya fundi saa madirisha yote yalikuwa yamefungwa ili unyevu usiingie kwenye mafuta. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni, nta ya nyuki ikiyeyuka taratibu ndani ya mafuta ya nazi, na mezani makopo themanini yalikuwa yamepangwa mistari minane yakingoja kujazwa. Kila kopo lilikuwa na stika ya kijani, na katikati ya stika njiwa mweupe aliyekunjua mbawa.

Aliyekuwa akikoroga ni mke wa fundi saa. Mtaani walimwita Mama Kopo, kwanza kwa utani, kwa sababu makopo yalikuwa yamemfuata hadi chumba cha kulala, kisha kwa heshima, kwa sababu nyumba chache zenye mtoto mchanga zilikosa kopo lake. Mafuta yake hayakuwa na harufu wala rangi. Mtoto mwenye vipele akipakwa jioni, kesho yake ngozi imetulia. Mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yanalisha nyumba sasa, maana kazi ya mume ilikuwa imelala. Saa ya mkononi ikifa watu hawakuileta tena kwa fundi. Waliitupa, wakatazama saa kwenye simu.

Mwenye duka la kona alikuwa mtu wa masihara. Kila alipokuja kuchukua mzigo alianza kelele tangu barabarani, akiuliza kama mafuta ya mtoto hayawezi kuotesha nywele kwenye upara wake. Asubuhi hiyo alikuja kimya. Aliweka boksi kizingitini, akabaki nje kwenye manyunyu.

"Chukua mzigo wako, Mama Kopo," alisema. "Mimi nina familia. Sitaki maneno na watu."

Fundi saa aliacha chai yake, akamkaribisha ndani. Hakuingia. Alieleza akiwa pale pale kwamba jana jioni mtoto wa mshonaji, wa miezi saba, alikimbizwa hospitali akiwa amebabuka mapaja na mgongo baada ya kupakwa mafuta ya njiwa. Ndivyo mtaa mzima unavyosema, mafuta ya njiwa. Tangu afungue duka asubuhi hiyo wanawake wawili wamemrudishia makopo, na mmoja wao kopo lake limebaki robo lakini anadai bei nzima.

Mama Kopo alizima jiko. Aliuliza ni nani aliyempaka mtoto.

"Bibi yake. Yule mama yake mshonaji, anayekaa nao."

Hapo ndipo Mama Kopo alipovuta kiti akakaa. Bibi yule alikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza. Alimuuzia kwa mkono wake mwenyewe, nje ya nyumba yao, na bibi alimwambia bila kuona aibu kwamba kusoma hakujaaliwa, na macho yenyewe yamechoka. Naye alimjibu kama alivyowajibu wengine wengi alipokuwa akipita nyumba kwa nyumba: "Usijisumbue na maandishi, mama. Wewe tafuta njiwa tu."

*

Nje ya wodi ya watoto kulikuwa na benchi refu lililopakwa rangi ya kijivu. Mshonaji alikuwa amesimama, mtoto amemlalia begani kifudifudi, amezungushiwa kitambaa chepesi kuanzia kiunoni. Hakuwa analia tena. Alikuwa anatoa sauti ndogo, fupi fupi, kama mtu anayejaribu kukohoa. Mume wa mshonaji, dereva wa lori, alikuwa ameingia alfajiri kutoka safarini na bado alikuwa amevaa jaketi la kazi. Mwisho kabisa wa benchi, kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine, bibi alikuwa ameketi na mfuko wake kati ya miguu.

Mama Kopo hakujua aanze na pole au aanze na kuomba radhi. Alisema pole, ikajibiwa kwa kichwa. Kisha akaomba kuliona kopo. Dereva alilitoa mfukoni kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya.

Ukubwa ulikuwa ule ule, mfuniko ule ule, kwa kuwa wenye biashara ndogo karibu wote hununua makopo matupu kwa muuzaji mmoja wa jumla. Kijani kilikuwa kile kile. Njiwa naye alikuwa yule yule, mbawa zile zile, kichwa kimegeukia upande ule ule. Lakini alipofungua, harufu ya kafuri na pilipili ilimpanda puani hadi machozi yakamlenga. Chini ya njiwa, mahali ambapo makopo yake yaliandikwa mafuta laini ya mtoto, hili liliandikwa dawa ya kuchua viungo.

Alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akamtazama mtoto, akaionea haya ile shukrani yake.

"Si letu," fundi saa alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alirudia, akiwageukia hata wauguzi waliokuwa wanapita na trei zao. "Hili kopo si letu."

Dereva alilichukua, akasoma polepole, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka kuelekea mwisho wa benchi. Alimuuliza bibi kama hata hiyo harufu hakuisikia. Bibi alijibu kwamba ana mafua wiki nzima, hasikii harufu ya kitu chochote, hata ya moshi.

"Umesikia lakini, mama?" dereva alisema. "Si lao. Ni wewe."

Alimwita mama, kama mkwe anavyopaswa kuitwa, na heshima hiyo ndiyo iliyoyafanya maneno yawe mazito. Akaendelea kwa upole ule ule. Tangu mwanzo alimweleza mke wake kwamba mtoto haachiwi mtu asiyeona vizuri. Yeye yuko barabarani siku tano kwa wiki, anataka alale akijua nyumbani ni salama. Jumapili kuna basi la asubuhi la kurudi kwao bibi. Nauli atatoa yeye, na chakula cha njiani pia, mtu asije akasema amemfukuza mzazi.

Bibi alikuwa anamtazama Mama Kopo.

"Nilitafuta njiwa," alisema. "Si ulinambia nitafute njiwa?"

*

Bwana afya alifika kwa fundi saa alasiri ile ile. Alivua viatu mlangoni, jambo lililomshangaza Mama Kopo, akakagua sufuria, mwiko, nta na mafuta. Alichukua makopo matatu kwenda kupima, akaagiza wasiuze kitu mpaka arudi. Usiku huo hakuna aliyekula vizuri. Binti yao wa sekondari, ambaye ndiye hubandika stika kila akimaliza kazi za shule, aliuliza mara moja tu kama bibi wa kwa mshonaji ataondoka kweli, na baba yake akamwambia asome.

Ijumaa asubuhi bwana afya alirudi na karatasi. Mafuta hayakuwa na dosari. Mtengenezaji wa dawa ya kuchua ametafutwa na kuonywa, lakini naye dawa yake ni dawa halali kwa viungo vya mtu mzima, na imeandikwa wazi kwamba isipakwe mtoto. Kwa maneno mengine, alisema, kila mtu yuko sawa isipokuwa mtoto. Kulikuwa na swali moja limebaki kwenye karatasi. Je, walijua kwamba kuna bidhaa nyingine sokoni yenye alama kama yao?

"Hatukujua," fundi saa alisema.

Bwana afya aliandika. Fundi saa akatia sahihi, akampa mgeni mkono, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alikuwa anapiga mluzi, wimbo ambao mkewe hakuwa ameusikia kwa miezi. Alimwambia sasa waende kwa mwenye duka na karatasi hiyo, aisome mbele ya wateja.

Mama Kopo alisema ana pa kupita kwanza.

*

Duka la chapa lilikuwa la rafiki wa fundi saa tangu utotoni, mtu ambaye kila mmoja alimwita Wino. Vidole vyake vilikuwa vya kijani hadi kwenye viungo. Mwaka juzi alinunua shehena ya wino wa kijani kutoka kwa mwenzake aliyefunga biashara, na tangu hapo, mpaka uishe, kila aliyemletea kazi alitoka na kijani: risiti, vipeperushi, kadi za harusi. Alimkaribisha Mama Kopo kwa furaha, akamfutia kiti.

Mama Kopo aliweka kopo lake mezani, akaweka na lile la dawa ya kuchua alilolinunua njiani. Aliuliza imekuwaje.

Wino hakuona kama ni swali gumu. Aligeuza kompyuta ili naye aone. Njiwa alikuwa ndani ya faili moja na samaki, simba, mikono inayosalimiana na jua linalochomoza. Mtu akija hana picha, alieleza, Wino humfungulia hapo akachagua. Njiwa ndiye anayependwa zaidi kwa sababu hana ubaya na mtu.

"Shemeji, njiwa si wako na si wangu," alisema. "Yumo humu. Mimi kazi yangu ni kumtoa."

Alimtoa mara ngapi? Wino alihesabu bila kusita. Mafuta yake. Dawa ya kuchua. Chama kimoja cha kuzikana. Na chakula cha kuku.

"Chakula cha kuku kimewekwa njiwa?"

"Yule kuku niliye naye ana sura mbaya."

Siku nyingine angecheka. Alimweleza habari za mtoto, na Wino, ambaye hakuwa mtu mbaya, alishika kichwa kwa mikono yake ya kijani, akasema pole nyingi. Kisha, katika ule wasiwasi wa kutaka lawama isibaki kwake peke yake, akasema neno ambalo pengine hakukusudia kulisema.

"Lakini mzee wako si alijua? Mwezi wa nane alikuja hapa na kopo la dawa ya kuchua mkononi, kaninunia kweli. Nikamwambia basi shemeji nimpe samaki, tuchape upya. Akasema acha kwanza."

*

Fundi saa alikuwa kwenye meza yake ya kazi dirishani, ameweka kioo chake cha kukuzia jichoni ingawa hakukuwa na saa mbele yake. Mama Kopo hakupandisha sauti. Alimwambia alichokisikia, akasubiri.

Alianza na sababu iliyo rahisi. Stika mia nane zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Kuzitupa ni kutupa kazi ya miezi miwili. Halafu akasema Wino anatia chumvi. Mkewe bado alikuwa amesimama, hajavua hata viatu.

"Nilijua watu wangechanganya," alisema mwishowe, na akakitoa kile kioo jichoni. "Ile dawa yao inauzwa sana. Nikadhani watachanganya kwa faida yetu. Mtu amezoea njiwa wao, atamwona njiwa wetu, atachukua. Mtoto hakuniingia akilini. Mungu ni shahidi yangu, mtoto hakuniingia akilini."

Mama Kopo alikaa juu ya boksi. Aliona kwamba hana haki ya kumrukia mumewe kwa lote. Mwaka uliopita, kwenye darasa lake la jioni la wafanyabiashara wadogo, alikuja mwanamke mchoraji wa nembo kuzungumza nao, na baada ya darasa alimwendea kumuuliza bei. Bei ilikuwa sawa na mapipa mawili ya mafuta ya nazi. Aliporudi nyumbani na habari hiyo mumewe alicheka, akasema picha ni picha, Wino atafanya kwa bei ya soda. Naye hakubishana. Alikuwa amefurahi, moyoni, kubaki na mapipa yake.

"Na bwana afya umemwambia hatukujua."

"Karatasi inasema tuko safi. Unataka niipeleke nikaitie doa? Watatufungia. Nani atamlipia ada?" Alielekeza kidevu chumba cha binti.

"Kesho kutwa yule bibi anapanda basi."

"Hayo ni mambo ya ukoo wao."

Mama Kopo aliingia chumbani, akapiga magoti katikati ya maboksi, mahali pekee palipokuwa na nafasi. Alikuwa mtu wa kuomba kwa maneno mengi. Siku hiyo hayakuja. Alijikuta anarudia moja tu, nisamehe, nisamehe, na kila aliporudia alimwona bibi akiwa rafuni kwa mwenye duka, anasogeza uso karibu na makopo, anatafuta.

*

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mchoraji. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitabu vya shule, na ukutani hakukuwa na picha za kupendeza kama alivyotarajia, ila karatasi zenye vidoti na mistari, na rafu ndefu ya bidhaa za watu wengine. Mchoraji alimkumbuka. Hakumuuliza kwa nini amechelewa mwaka mzima.

Mama Kopo aliyaweka makopo mawili mezani, akaeleza yote, pamoja na yale ya mumewe. Mchoraji alisikiliza bila kuandika. Kisha aliyachukua makopo akayapanga kwenye rafu, akamwambia arudi nyuma hadi mlangoni na akunje macho kidogo, kama mtu asiyeona vizuri.

"Lako ni lipi?"

Mama Kopo alikunja macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Alikuwa ametengeneza makopo yale kwa mikono yake kwa mwaka mzima, lakini ilibidi aotee.

Mchoraji aliketi tena, akaanza kuuliza. Nani ananunua? Ni mama, ni baba, au ni bibi? Kopo linakaa rafu gani, karibu na nini? Duka lina taa au halina? Mnunuzi anataja jina au ananyoosha kidole? Maswali mengine Mama Kopo hakuwa na majibu yake, na mchoraji alisema ndiyo maana wiki mbili za kwanza hachori kitu. Anasimama madukani anatazama watu wakinunua. Baada ya hapo huchora, hupeleka ofisi ya usajili kuhakikisha hakuna mwingine mwenye alama kama hiyo, na kuiandikisha iwe ya mtu mmoja. Huwapa watu waishike. Wazee kwanza.

"Mwaka jana nilidhani ninauziwa picha," Mama Kopo alisema.

"Picha ningekuchorea nusu saa. Unanilipa ili mtu asikuchanganye na mwingine."

Bei haikuwa imepanda, na haikushuka. Mchoraji hakujifanya kwamba angeweza kufanya bure; naye ana kodi ya chumba. Alikubali ilipwe mara mbili, nusu kuanza na nusu kumaliza. Mama Kopo alimshukuru, akasema atampa jibu. Alipokuwa njiani alihesabu kilichokuwa ndani ya nyumba, akaona nusu ipo: ni mafuta yaliyokuwa kwenye sufuria, na pipa ambalo halijafunguliwa, muuzaji wa jumla angelichukua. Lakini akiuza pipa hana cha kupika, na asipopika hana nusu ya pili. Alirudia hesabu hadi alipofika mlangoni kwake, isibadilike.

Mumewe alikuwa pale pale dirishani. Alimwambia kwamba saa kumi mzee wa mtaa na bwana afya watakuwa kwa mshonaji, kusoma matokeo mbele ya familia, ili maneno ya mtaani yaishe.

"Mimi nitakwenda," Mama Kopo alisema. "Ukija, utasema mwenyewe. Usipokuja, nitasema mimi. Ukisemewa na mke wako itakuwa aibu zaidi, lakini nitasema."

Fundi saa alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akaomba ampigie pasi shati.

*

Sebule ya mshonaji ilikuwa ndogo, nusu yake imekaliwa na cherehani na vitambaa vya wateja. Mzee wa mtaa alipewa kiti chenye mto. Bwana afya aliketi karibu naye na faili magotini. Mwenye duka la kona alikuwa amekuja pia, kwa sababu kopo lilitoka kwake. Alisimama karibu na mlango akishika kofia yake, na upara ulikuwa unatoa jasho. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi, ngozi mpya ya waridi ikionekana kwenye ukingo wa bandeji. Daktari alisema atapona, labda abaki na alama kidogo mgongoni. Bibi alikuwa jikoni. Mfuko wake ulikuwa ukumbini, umefungwa kwa kamba.

Bwana afya alisoma. Alisoma yote, hadi mahali palipoandikwa kwamba watengenezaji wa mafuta hawakujua kuwepo kwa bidhaa nyingine. Mzee wa mtaa aliitikia kila sentensi kwa mhm. Mwisho alisema basi, Mungu ashukuriwe, mambo yameonekana, ni bahati mbaya ya mtu mzima na macho yake, tusameheane. Dereva alisema hana kinyongo na mtu. Basi ni saa kumi na mbili asubuhi.

Mama Kopo alimtazama mumewe. Fundi saa alikuwa anatazama sakafu. Mkewe akashika ukingo wa kiti ili ainuke, na hapo ndipo mumewe alipoinuka kabla yake.

"Hiyo sentensi ya mwisho si kweli," alisema.

Bwana afya aliinua uso.

Fundi saa alisema alijua. Alisema mwezi na mahali, na kwamba alishika kopo la dawa ya kuchua mkononi mwake akaenda nalo kwa Wino, na kwamba aliacha makusudi kwa sababu alitarajia watu wakosee na kukosea kwao kumnufaishe. Alisema mke wake hakuambiwa. Alisema kwamba bibi alifanya kile alichoagizwa, alitafuta njiwa na akampata njiwa, na kama macho yake yangekuwa ya kijana wa miaka ishirini bado angemwona njiwa yule yule.

Mwenye duka, aliyemkabidhi bibi lile kopo kwa mkono wake baada ya bibi kuomba la njiwa, alivaa kofia akaivua tena.

"Mimi nasoma," alisema kwa sauti ndogo. "Nasoma, na nilimpa bila kusoma."

Bwana afya alitoa kalamu, akapiga mstari juu ya sentensi ile, akaandika nyingine. Alisema, bila ukali, kwamba sasa hana budi kuzuia mauzo mpaka alama ibadilishwe, na kwamba Jumatatu fundi saa afike ofisini kujibu kwa nini alitia sahihi jambo lisilo la kweli. Anaweza kutozwa faini. Mama Kopo aliitikia kwa kichwa. Pipa lile halingefunguliwa na mkono wake; lingeuzwa kulipia alama mpya. Hilo alilijua kabla hajaja.

Dereva alikuwa amesimama. Alikuwa mtu mkubwa na chumba kilikuwa kidogo, na kila mtu alingoja. Alimuuliza fundi saa kama anajua inakuwaje kuambiwa kwa simu, uko na lori milimani, kwamba mtoto wako ameungua. Fundi saa alisema hajui. Dereva alisema Mungu amsaidie asijue. Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha mteja, na kitu fulani katika mabega yake kikalegea.

"Muite mama," alimwambia.

Bibi alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa amesikia yote. Ukuta ulikuwa wa mbao. Hakukaa mpaka mzee wa mtaa alipomwachia kiti chenye mto, na hata hapo alikaa ukingoni.

"Mimi sijui kusema maneno marefu," dereva alisema, akitazama cherehani. "Nilikosea, mama. Lakini naogopa bado. Kesho keshokutwa utatumwa dukani tena, na huko madukani ni wale wale, kijani na njiwa. Nitajuaje?"

Swali lilikuwa la mkwewe, lakini bibi alimgeuzia fundi saa macho yake yenye ukungu, akangoja, na wengine wote wakamgeukia pia.

Fundi saa alipiga magoti kwenye zulia, karibu na kiti cha bibi, ili uso wake uwe mahali ambapo angeuona.

"Mbele ya mzee wa mtaa na bwana afya," alisema, "mbele ya baba na mama wa mtoto huyu, na mbele ya mke wangu niliyemficha, nakuahidi, mama. Kopo halitatoka nyumbani kwangu mpaka liwe na alama ambayo haina mwenzake, hata ikibidi niuze meza yangu ya saa na vyote vilivyo juu yake. Na alama hiyo haitakwenda dukani kabla haijaletwa hapa, kwenye mkono wako. Nitakuchanganyia makopo kumi, langu na ya wengine, hapa hapa bila taa. Ukikosea mara moja tu, nitaanza upya."